Namna ya Kukimudu Kiingereza cha Pesa: Mwongozo kwa Watu wa Musoma, Bunda na Butiama

Kiingereza cha pesa kimeshaingia Mara na hakina dalili ya kuondoka. Kimo kwenye risiti za maduka ya Mtaa wa Mukendo, kimo kwenye ghala la AMCOS Bunda, kimo kwenye daftari la VICOBA Butiama, na kila taarifa ya habari inapofika kinamwagwa redioni kwa ndoo. Mama anakwenda mjini kukopa laki tano za kuongeza mzigo wa dagaa. Anarudi na "flat rate", "collateral", "processing fee" na karatasi nne alizosaini kwa sababu kijana wa mezani alikuwa na haraka na tai yake ilikuwa imenyooka.

Mwongozo huu ni wa mama huyo. Ni wa mvuvi pia, na mkulima wa pamba, na mwalimu wa shule ya msingi ambaye makato ya mshahara wake yameandikwa kwa lugha asiyoizungumza nyumbani. Msimamo wake ni mmoja: neno usilolielewa lisiguse pesa yako. Matamshi tutayafundisha, maana nayo yana raha na faida yake. Lakini anayetamka vibaya na kuelewa vizuri hulala usingizi, na anayetamka kama mtangazaji wa London bila kujua alichosaini hugongewa mlango na dalali.

Vifaa vinavyohitajika

Kalamu inayoandika. Daftari la kaunta, lile gumu lisilochanika. Simu yenye kikokotoo. Na sentensi moja ya Kiswahili uliyoizoea mpaka inatoka yenyewe: "Hapo sijaelewa, rudia taratibu." Kifaa hiki cha mwisho ndicho cha bei rahisi kuliko vyote, na ndicho watu wengi wanachokisahau nyumbani.

Hatua ya 1: Acha aibu Makoko

Kabla ya kujifunza neno lolote, pita Makoko, pale Musoma mjini kando ya ziwa. Wamisionari wa Maryknoll walifungua shule ya lugha pale, na kwa miongo mingi wageni wamekuwa wakija kujifunza Kiswahili. Padri mwenye digrii mbili, daktari, mhandisi, wote wanakaa darasani wakitokwa jasho kwa sababu ya ng'ombe. Mmoja anasema "gombe". Anajaribu tena, inatoka "nigombe". Hakuna mtu wa Musoma anayemwita mjinga. Akifika sokoni akasema "habari za asubuhi" saa kumi jioni, tunamshangilia na kumpunguzia bei ya nyanya.

Heshima tunayompa mgeni anayejikwaa kwenye lugha yetu, jipe na wewe unapojikwaa kwenye ya kwake. Mtu aliyekulia kwenye Kizanaki, akajifunza Kiswahili shuleni na sasa anahangaika na "inflation", yuko kwenye lugha ya tatu. Huyo anastahili makofi.

Tena ng' ya ng'ombe, inayowatesa wageni wa Makoko, ndiyo sauti ileile inayofunga maneno "banking", "saving" na "trading". Kaza ng' mwishoni, usiongeze g wala i. Mtu wa Mara anaimiliki sauti hiyo tangu utotoni, kwa hiyo maneno hayo yote ameshafuzu kabla ya somo kuanza.

Hatua ya 2: Ujue ulimi wako ulikotoka

Kila lugha ya mama ina zawadi zake na ina mapengo yake. Kikuria kina r nzuri yenye nguvu, lakini hakina l. Kijaluo hakina sh. Na karibu sisi sote, wa Kijita, Kikwaya, Kizanaki na Kiikizu, tumezoea silabi inayoishia kwa irabu. Ndiyo maana "bank" ikawa benki, "budget" ikawa bajeti na "cheque" ikawa cheki. Huo ni utaratibu wa Kibantu wa kumkaribisha mgeni, na hauna kosa ndani yake. Ukizungumza Kiswahili, sema bajeti kwa kifua mbele.

Shida inaanza pale sauti mbili zinapobadilishana na pesa ikabadilika nazo. Chukua "royalty" na "loyalty". Neno la kwanza ni mrabaha, malipo ambayo mwenye mgodi anailipa Serikali kwa madini anayochimba. Kwa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017. Neno la pili ni uaminifu. Katika mkoa wenye dhahabu ya Buhemba na North Mara, mtu akisimama mkutanoni kudai mrabaha, asieleweke kwamba anadai uaminifu, kwa sababu uaminifu ataahidiwa palepale bila senti.

Mengine ni haya. "Rent" ni kupanga au kodi ya pango, "lent" ni umeshakopesha. "Collect" ni kukusanya, "correct" ni kusahihisha. Mweka hazina wa kikundi akisema amezi-"correct" hela za wanachama, wanachama wana haki ya kusimama. "Save" ni kuweka akiba, "shave" ni kunyoa. Kwa ulimi usio na sh, benki na kinyozi wanafanya kazi moja, na wapo waliokopa wakatoka wanaamini hivyo.

Mazoezi ni mepesi. Kwa l, gandisha ncha ya ulimi kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, acha hewa ipite pembeni. Kwa r ya Kiingereza, ulimi ujikunje kidogo usiguse popote; ile r yetu ya kupiga iache ipumzike. Kwa sh, fanya kama unayemnyamazisha mtoto kanisani. Fanya ukiwa peke yako ufukweni. Ziwa Victoria limesikia mengi na halijawahi kumcheka mtu.

Ila kabla ya kusafisha Kiingereza, safisha Kiswahili. Wengi wetu tunasema "samani" tukimaanisha thamani. Basi ile Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, inageuka kodi ya kuongeza makochi na kabati. Ulimi uchungulie kidogo kati ya meno: thamani, theluthi, thelathini. Ukiiweza hiyo, "month", "growth" na "thousand" zimekuja bure.

Hatua ya 3: Ziogope herufi zinazonyamaza

"Debt" ni deni, na hutamkwa "det". B ipo kwenye maandishi, mdomoni haipo. Waingereza wa kale waliliandika bila b, kama walivyolipokea kutoka Kifaransa, kisha wasomi wakaibandika ili lifanane na Kilatini. "Receipt", risiti, nalo limebandikwa p ya namna hiyo, hutamkwa "risiit". "Mortgage", rehani ya nyumba, huimeza t yake: "mogeji".

Hapa pana somo kubwa kuliko matamshi. Kwenye karatasi ya mkopo kuna vitu vimeandikwa na havisomwi kwa sauti. Kijana wa mezani anatamka "tatu nukta tano" vizuri kabisa, halafu maneno "kwa mwezi" yananyamaza. Anatamka "laki tano", na "ada ya kuandaa mkopo" inanyamaza. Kidole chako kipite juu ya kila mstari, na ukikuta mstari ambao mdomo wake haukuusoma, weka kidole hapo na usikiondoe mpaka ausome.

Hatua ya 4: Neno moja liulize linafanya kazi ngapi

Nenda mwalo wa Mwigobero asubuhi mitumbwi ikiwa inaingia. Sangara ametupwa juu ya turubai, mgongo unang'aa, mtoto anamparua kwa kisu. Yale magamba yanayorukia miguuni kwako, Mwingereza anayaita "scale". Sangara ananing'inizwa kwenye mizani; mizani nayo ni "scale". Anayemnunua ni wakala wa kiwanda cha minofu, na kiwanda kinaweza kulipia barafu, magari ya baridi na maabara kwa sababu kinasindika samaki wengi kwa mpigo, gharama ya kila kilo ikashuka. Ukubwa huo nao ni "scale", na ile faida ya kuzalisha kwa wingi ndiyo wachumi wanaiita "economies of scale". Samaki mmoja, neno moja, kazi tatu. Usimame tu umwangalie anavyopimwa, na somo zima la kidato cha tano limekwisha kabla jua halijawa kali.

"Net" ni wavu. Ni chandarua pia. Na kwenye hati ya mshahara ni kinachobaki baada ya makato, ile teki homu anayoijua kila mwalimu. Kinachotangulia kabla ya makato ni "gross", ghafi. Ukiambiwa kazi ina mshahara wa milioni moja, swali la kwanza ni: ghafi au halisi? Kwenye mfuko wa unga "net weight" ni uzito wa unga wenyewe bila mfuko. Mzizi wa maana ni uleule: kilichobaki baada ya kutoa kisicho chako.

"Float" ni boya la wavu, na ni floti ya wakala wa pesa kwa simu. Wakala akisema floti imekata, maana yake salio lake la kwenye simu limeisha. Noti anaweza kuwa nazo droo tele, lakini hawezi kukuwekea pesa kwenye simu mpaka aongeze. Kukutolea anaweza.

"Interest" ndiyo hatari kuliko yote. Ni riba. Ni hamu, mtu akipenda jambo. Ni maslahi, kama yanavyotajwa kwenye mgongano wa maslahi. Na kwenye madini ni umiliki. Baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, Serikali inapata kwenye migodi mikubwa "interest" isiyopungua asilimia 16 bila kuilipia, na hiyo ni hisa. Ndivyo ilivyo kwenye kampuni ya Twiga Minerals iliyoundwa kusimamia migodi ukiwemo wa North Mara: Barrick asilimia 84, Serikali 16. Aliyesikia redioni kwamba Serikali ina "interest" ya 16 akadhani tunadaiwa riba, amekasirika bure. Tunamiliki, na mwenye mali akishajua ana mali, ana haki ya kuuliza gawio liko wapi.

Na yapo yanayofanana kwa sauti kabisa. "Profit" ni faida, "prophet" ni nabii. Mwingereza huyatamka sawasawa. Musoma mjini, ambako spika za mahubiri hazilali, sikiliza sentensi yote ndipo uamue unaahidiwa lipi, hasa pale unapoombwa utoe kwanza. "Principal" ni kiasi cha mkopo chenyewe bila riba, na ni mkuu wa chuo. "Principle" ni kanuni. Kwenye mkopo, lile la kwanza ndilo la kupigia mstari.

Hatua ya 5: Ukifika mezani kwa mkopeshaji, uliza hivi

Hapa ndipo pesa inapotoka, kwa hiyo twende taratibu.

Mkopo wa riba ya flati, "flat rate", hupiga riba kwenye kiasi ulichokopa mwanzoni, kila mwezi, mpaka mwisho. Mkopo wa riba inayopungua, "reducing balance", hupiga riba kwenye deni lililobaki tu. Maneno yanasikika kama ndugu wa tumbo moja. Hesabu zao hazikutani.

Tuchukue milioni moja, asilimia 3.5 kwa mwezi, miezi 12. Kwa flati, riba ni 35,000 kila mwezi. Mwaka ukiisha umelipa riba ya 420,000. Kwa riba inayopungua, marejesho ni karibu 103,500 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka haifiki 242,000. Tofauti ni kama 178,000: ada ya mtoto, au bati za kumalizia jiko. Angalia mwezi wa mwisho peke yake. Deni lililobaki ni laki moja tu, riba yake halali ni kama 3,500. Mwenye flati bado anatozwa 35,000 kwa pesa aliyokwisha kuirudisha.

Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo mama. Karibu. Mkopo wetu ni flati ya tatu nukta tano tu."

"Marahaba, mwanangu. Tatu nukta tano kwa mwezi au kwa mwaka?"

"Kwa mwezi, mama."

"Unapigia kwenye deni lote au lililobaki?"

"Lote, mama. Ndiyo flati yenyewe."

"Basi niandikie hapa kwenye daftari langu: nachukua ngapi mkononi, narudisha ngapi jumla, na ada ni ngapi. Uandike kwa tarakimu, mwanangu, na uweke sahihi yako."

Mama huyu hajatamka neno moja la Kiingereza na ameuelewa mkopo kuliko wengi waliokwenda chuo. Ajue pia kwamba chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wasiopokea amana za wateja wanatakiwa wawe na leseni, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Wale wa kausha damu, wanaotaka kadi yako ya benki na namba yake ya siri, wako nje ya mipaka hiyo. Kwao hakuna neno la kujifunza. Kuna mlango wa kutokea.

"Collateral" ni dhamana: kitu kinachochukuliwa ukishindwa kulipa. "Guarantor" ni mdhamini: mtu anayefuatwa ukishindwa kulipa. Ukiombwa na shemeji "usaini tu kama shahidi", tafuta neno "guarantor" kwenye karatasi. Likiwepo, unakuwa mdaiwa wa akiba, na ng'ombe wako wameshahesabiwa.

Hatua ya 6: Yafungue maneno ya redioni

"Inflation", mfumuko wa bei, ni kasi ya bei kupanda. Desemba 2011 mfumuko wa Tanzania ulifika asilimia 19.8, mwaka 2024 wastani wake ulikuwa 3.1. Debe la mahindi la 10,000, kwa kasi ya kwanza, baada ya mwaka linakuwa karibu 12,000. Kwa kasi ya pili, 10,310. Kwa hiyo ukisikia mfumuko umeshuka, usiende sokoni Nyasho ukadai bei irudi ya zamani. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Bei ziko hukohuko juu, zinaendelea kupanda taratibu.

"Middle income", kipato cha kati. Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kwenye kundi la chini la kipato cha kati, baada ya wastani wa pato kwa mtu kufika dola 1,080 kwa mwaka 2019, juu kidogo ya mstari wa 1,036. Watu waliuliza mbona mifukoni hawajaona. Swali zuri, na jibu liko kwenye neno wastani. Weka watu kumi mwaloni: mmoja ana milioni tisa na laki moja, tisa wana laki moja kila mmoja. Wastani wao ni milioni moja kwa mtu, na kati ya hao kumi hakuna hata mmoja mwenye milioni moja. Wastani ni kweli, na maisha ya wale tisa ni kweli. Mwananchi mzuri huuliza yote mawili.

"Trillion", trilioni, ina sifuri 12. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Ukihesabu shilingi moja kila sekunde bila kulala, milioni itakuchukua siku zisizofika 12, bilioni zaidi ya miaka 31, trilioni zaidi ya miaka 31,000. Mwanasiasa akichanganya milioni na bilioni jukwaani, amekosea kwa muda wa tangu mtoto kuzaliwa mpaka kuwa na watoto wake. Msahihishe kwa adabu, lakini msahihishe.

Hatua ya 7: Ratili ya Bunda

Mkulima wa Bunda anauza kilo ya pamba mbegu kwa shilingi. Soko la dunia linataja senti za Marekani kwa ratili moja ya pamba nyuzi. Ratili, yaani "pound", ni karibu gramu 454. "Pound" pia ni fedha ya Uingereza, na pia ni kutwanga. Mtu akisoma kwenye simu kwamba pamba ni senti 70, akazidisha kwa kilo zake zote, atajiona tajiri mpaka siku ya mnada.

Fanya hivi. Senti 70 kwa ratili ni kama senti 154 kwa kilo ya nyuzi. Kilo ya pamba mbegu hutoa nyuzi takriban theluthi moja. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu. Kwa hiyo ndani ya kilo yako mna nyuzi za kama senti 51, na hapo bado kuchambua, kusafirisha na tozo, ukiongeza kidogo kinachopatikana kwenye mbegu. Ukishajua hivyo, bei elekezi ikitangazwa utaweza kusema kwa hesabu kama ni ndogo au ni ya haki. Malalamiko yenye tarakimu husikilizwa mapema.

Jambo hili lina historia hapahapa. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara. Wakaweka wapimaji wao, wakajenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho la Victoria. Kiongozi wao alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu. Alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru, 1962 hadi 1965. Safari yake kutoka kwenye mizani ya pamba hadi kwenye bajeti ya taifa ilianza na watu waliotaka kujua kilo ni ngapi.

Hatua ya 8: Malizia somo Butiama

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilomita 40. Alitoka kwenye nyumba ya Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na Kiingereza alikikuta shuleni kama sisi. Kikampeleka Tabora, Makerere, na mwaka 1949 Edinburgh, ambako miongoni mwa masomo yake yalikuwamo uchumi na historia. Angeweza kubaki nacho kama pambo. Alirudi akazungumza uchumi kwa Kiswahili kwa watu waliokaa chini ya miti, na Azimio la Arusha la Februari 1967 mkulima akalielewa bila mkalimani. Unaweza kulikubali au kulikataa azimio hilo. Huwezi kusema hukuambiwa kwa lugha yako.

Akiwa Rais, alikaa akatafsiri Shakespeare. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake iitwayo Mabepari wa Venisi. Kiini cha tamthilia hiyo ni mkataba wa mkopo. Antonio anamdhamini rafiki yake kwa kukopa dukati 3,000 kwa Shylock, na dhamana yake ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Anashindwa kulipa. Mahakamani Portia, aliyejivika uwakili, anausoma mkataba neno kwa neno: umetaja nyama, haukutaja damu. Shylock akate, ila tone lisidondoke. Antonio anapona kwa sababu mtu mmoja chumbani alisoma kilichoandikwa na kisichoandikwa.

Hiyo ndiyo elimu ninayoiombea kila kata ya Mara. Na sasa sheria iko upande wetu: mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kama hakimu anaweza kutoa hukumu kwa Kiswahili, mkopeshaji wa stendi ya Bunda anaweza kueleza riba kwa Kiswahili.

Hatua ya mwisho: Yanakili maswali haya

Yaandike ndani ya jalada la daftari la kaunta. Nachukua shilingi ngapi mkononi? Nitarudisha ngapi jumla? Riba ni ya mwezi au ya mwaka, kwenye deni lote au lililobaki? Nikichelewa siku moja kunatokea nini? Nikishindwa kabisa, mnachukua nini na kwa nani? Neno hili hapa, maana yake nini kwa Kiswahili?

Kisha kila kikao cha VICOBA, kabla ya kufungua sanduku, mwanachama mmoja alete neno moja alilolikuta kwenye karatasi yoyote ya pesa. Aliandike kubwa, alitamke kadiri ulimi wake unavyoweza, na kikundi kisimame hapo mpaka bibi aliyekaa nyuma kabisa aweze kulieleza kwa mfano wa shilingi zake mwenyewe. Akishaweza, fungueni sanduku mhesabu hela.